Mwaka Uliopakwa Rangi

Tarakimu nne nyeupe zimechorwa kwa brashi ubavuni mwa boneti: 1947. Brashi ilikuwa pana, na aliyeishika hakuwa mzoefu, maana rangi ya ile 7 imechuruzika hadi chini ya taa. Trekta lenyewe limeegeshwa chini ya mkwaju katika kijiji kimoja cha nyanda za Kongwa, mkoani Dodoma, na bado linalima. Ukiuliza habari zake unapewa jibu lile lile, kuanzia kwa watoto hadi kwa wazee: hilo ni trekta la karanga, waliliacha Waingereza. Nani aliuchora mwaka huo, na aliutoa wapi?

Aliyeniita ni mjukuu wa mwenye trekta. Anataka kulisajili ili livute tela barabarani msimu wa mavuno, na fomu ina nafasi mbili zilizomshinda: mwaka wa kutengenezwa na namba ya chasisi. Babu yake alimwambia aandike 1947 amalize kazi. Kijana akasita kuandika kwenye karatasi ya serikali jambo asiloweza kulitetea. Mimi nina ugonjwa wa kutoamini tarehe isiyo na shahidi, kwa hiyo tulielewana haraka. Tungeanzia kwenye chuma au kwenye simulizi?

Tulianza na simulizi, kwa sababu simulizi yenyewe si ya kupuuzwa. Uingereza ilitoka kwenye Vita Kuu ya Pili ikiwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 lilizuka wazo la kulima karanga kwa mashine katika Afrika Mashariki na Kati, na Februari 1947 serikali ya huko ikatoa waraka uliotaja ekari 3,210,000, nyingi zikiwa Tanganyika. Kongwa ndipo kazi ilipoanzia, zikafuata Urambo na Nachingwea. Miti ya miiba ilikataa kung'oka, na udongo wa Kongwa ulikauka kiangazi ukavunja majembe ya chuma. Mvua nayo haikufuata hesabu za waraka. Januari 1951 mpango ukafutwa, na pauni zaidi ya milioni 36 zikafutwa pamoja nao. Mashine zilikuwepo hapa, hilo halina ubishi. Lakini mashine za namna gani?

Picha za Kongwa za miaka ile zinaonyesha zaidi mashine za minyororo. Kulikuwa na mabuldoza yaliyonunuliwa kwenye mabaki ya jeshi, mengine yakitokea Ufilipino. Kulikuwa pia na vifaru vya Sherman vilivyovuliwa mizinga kiwandani Uingereza na kugeuzwa matrekta, vikapewa jina la Shervick. Wakati mwingine mashine mbili zilivuta mnyororo mzito kati yao na kuuangusha msitu uliokuwa katikati. Hiyo ilikuwa kazi ya majitu. Trekta lililo mbele yangu lina matairi, na bega la mtu mzima linafika juu ya boneti yake. Je, mashine ndogo hivi ilikuwa na nafasi gani kwenye vita ile ya kung'oa mibuyu?

Inawezekana ilikuwa nayo. Baada ya msitu kufyekwa kuna kulima, kupanda, kupalilia na kuvuta tela, na kazi hizo hazihitaji kifaru. Kwa hiyo picha zinaitilia shaka simulizi bila kuivunja. Nikageukia maandishi, nikitumaini kukuta hata ukurasa mmoja wenye orodha ya mashine zilizouzwa mpango ulipofungwa. Nilichokikuta ni ekari, tani na pauni. Waraka wa 1947 unahesabu mashine kwa mafungu, na taarifa zilizofuata zinahesabu hasara. Namba ya trekta moja moja haikuwa habari ya kuchapishwa. Karatasi zikinyamaza, chuma kinaweza kusema?

Mahali pa kwanza pa kuangalia ni kibao. Matrekta ya jamii hii yalitoka kiwandani na kibao kidogo kwenye dashibodi, karibu na usukani, chenye herufi na namba ya mfululizo. Herufi humwambia fundi aina ya injini na klachi. Namba, ukiipeleka kwenye orodha zilizochapishwa, hukupa mwaka. Nilifuta vumbi kwa kitambaa. Palikuwa na matundu ya riveti, na pembeni yake mshono wa kuchomelea ambapo bati lilipasuka zamani likazibwa. Kibao hakipo. Mzee anasema tangu akabidhiwe trekta hajawahi kukiona. Nani hubandua kibao akaliacha trekta?

Kijana akauliza kama namba ya chasisi haiwezi kupatikana kwingine. Tatizo ni kwamba trekta la namna hii halina chasisi. Injini, giaboksi na difu zimefungwa kwa bolti, moja nyuma ya nyingine, na hizo ndizo zinazobeba kila kitu. Klachi ikiisha, fundi hulikata trekta katikati, akasukuma nusu moja mbele, akafanya kazi yake, akaziunganisha tena. Hakuna fremu ya chuma inayobaki pale pale huku vingine vikibadilishwa. Ukibadilisha injini leo, difu kesho na boneti keshokutwa, kipi kati ya vilivyobaki ndicho trekta?

Swali hilo nililiweka kiporo na kuingia kwenye jina. Kijiji kizima kinasema Ferguson. Nembo ya mbele imeng'oka, ila pua ya boneti ni ya mviringo, na hiyo inaturudisha kwenye ukoo mmoja unaojulikana vizuri. Mwishoni mwa 1946 kiwanda cha Banner Lane mjini Coventry, Uingereza, kilianza kutoa trekta dogo la kijivu lililoitwa Ferguson TE20. Kufikia 1956 yalikuwa yametoka zaidi ya 517,000. Upya wake ulikuwa nyuma: mikono mitatu ya haidroliki inayonyanyua plau na kulifanya jembe na trekta kuwa kitu kimoja. Mwaka 1947 uko ndani ya kipindi hicho. Kwa kalenda peke yake mzee hajashindwa. Mbona basi trekta lake ni jekundu?

Rangi ni shahidi dhaifu, kwa sababu kila mwenye trekta ana haki ya kununua kopo. Lakini rangi ya zamani hukimbilia mahali ambapo brashi haifiki. Tulifungua boneti, tukatafuta kona iliyo nyuma ya bawaba, na fundi wa kijiji akakwangua taratibu kwa kipande cha msumeno. Juu kabisa palikuwa na nyekundu ya dukani, inayobanduka kwa maganda. Chini yake bluu, ambayo hakuna aliyekumbuka ilipakwa lini. Chini ya bluu ikatokea nyekundu nyingine, iliyoshika chuma sawasawa, na chini yake bati tupu. Kijivu hakikuwepo. Boneti ilizaliwa nyekundu. Ni lini matrekta ya Coventry yalianza kuzaliwa mekundu?

Hapa ratiba inajulikana. TE20 lilikuwa la kijivu juu hadi chini. Mrithi wake, 35, alitoka mwaka 1956 akiwa na boneti ya kijivu na mwili wa rangi ya shaba. Mwishoni mwa 1957 mtindo ukabadilika: boneti nyekundu, mwili wa kijivu, na jina Massey Ferguson 35. Tulikwangua ubavu wa giaboksi tukitafuta ile rangi ya shaba, na kote tulikofika tulikuta kijivu. Basi boneti na giaboksi vinaongea lugha moja, lugha ya baada ya 1957. Miaka kumi nzima baada ya ile tarehe iliyochorwa. Lakini boneti hufunguliwa kwa spana tu. Je, tulichokuwa tunakiona ni trekta, au ni nguo alizovalishwa?

Mzee alikuwa amekaa pembeni akitusikiliza. "Mwanangu," akaniambia, "boneti ya kwanza ililiwa na kutu. Hiyo aliileta fundi kutoka Morogoro." Akatulia, halafu akaongeza: "Lakini moyo wake ni ule ule." Alimaanisha injini. Nikamshukuru, kwa sababu alikuwa amenipa jambo linalopimika. Injini ile ile tangu lini?

Ukitaka kujua injini ya dizeli ina silinda ngapi, hesabu mabomba membamba yanayotoka kwenye pampu kwenda kwenye nozeli. Hapa yako matatu. Injini za TE20, iwe ya petroli, ya mafuta ya taa au ya dizeli, zote zilikuwa na silinda nne. Dizeli ya kwanza ya 35 nayo ilikuwa na silinda nne, na ilijulikana kwa ukaidi wake asubuhi za baridi. Mwishoni mwa 1959 ndipo 35 alipopewa Perkins ya silinda tatu, ile yenye mngurumo wa kudunda ambao mtu aliyekulia karibu na mashamba huutambua akiwa mbali. Kwa hiyo moyo huu haukuweza kudunda Kongwa mwaka 1947. Ulianza kudunda lini?

Ubavuni mwa injini, karibu na pampu, kuna sehemu iliyosawazishwa ambapo namba hugongwa. Fundi alimwaga dizeli kidogo, akasugua kwa brashi ya waya, akatutaka tusimame upande usiozuia jua. Zikajitokeza herufi CE, tarakimu, herufi U, tarakimu nyingine, na mwisho kabisa D. Huo ni mtindo wa namba ulioanza mwaka 1974. CE ni ukoo wa injini hii ya silinda tatu, U ni Uingereza, na herufi ya mwisho ni mwaka: A ni 1974, B ni 1975, C ni 1976, na D ni 1977. Kijana aliiandika kwenye simu yake. Tumeruka miaka thelathini kamili kutoka kwenye ile rangi nyeupe. Mwaka wa trekta ndio huo basi?

Usajili ungeweza kuishia hapo, na wengi wangeridhika. Mimi sikuridhika, kwa sababu 35 alikwisha kustaafu zamani ifikapo 1977. Mwishoni mwa 1964 alikuja 135, mwenye boneti ya pembe pembe, akashika nafasi yake. Trekta lenye pua ya mviringo na injini ya 1977 haliwezi kuwa lilitoka kiwandani hivyo. Nilimuuliza mzee tena, safari hii bila kutaja mwaka wowote: injini iliwahi kufa? Akafikiri. "Ilipasuka bloku. Baada ya vita vya Kagera. Tulikaa misimu bila kulima, ndipo tukaletewa nyingine." Vita vya Kagera vilipiganwa 1978 na 1979. Injini ya 1977 kufungwa hapa miaka michache baadaye inaingia akilini. Ule moyo wa zamani ulikuwa wa namna gani?

Haupo, umeuzwa chuma chakavu. Kilichobaki ni mgongo: giaboksi na difu. Nilipanda kwenye kiti, nikaomba ruhusa ya kushika gia. Kuna fimbo mbili. Moja inachagua kati ya gia tatu za mbele na ya kurudi nyuma, nyingine inachagua kati ya kasi kubwa na ndogo. Zidisha: sita mbele, mbili nyuma. TE20 alikuwa na fimbo moja, gia nne mbele na moja nyuma. Mgongo huu haukuwahi kuwa wa TE20. Ni wa 35, au wa 135 wa kawaida, kwa maana huyo pia alitoka na gia sita. Kati ya hao wawili, yupi?

Fundi akaleta jibu la tatu. "Hii ni ya Yugoslavia, bosi. Niliwahi kufungua moja, ni pacha wake." Hoja yake ilikuwa na uzito. Matrekta ya ukoo huu yaliundwa kwa leseni Belgrade chini ya jina IMT, na IMT 533 kwa sura ni 35 mtupu. India nayo ilikuwa na tawi lake, Ufaransa na Marekani vilevile. Ndugu wengi hivi, sura moja. Na Tanzania ya miaka ya sabini, pamoja na siasa yake ya kutofungamana na upande wowote, ilikuwa na urafiki mzuri na Yugoslavia. Ni nini kingewatenganisha mapacha?

Tulitumia muda mrefu chini ya trekta, tumelala kwenye gunia. Difu ilikuwa imevaa koti la mafuta na udongo lililokomaa kiasi cha kuhitaji patasi. Tulipolivua, chuma kikaonyesha namba ya kipuri iliyoishia na M1, utaratibu wa namba za Massey Ferguson. Alama ya Belgrade hatukuiona, wala kwenye giaboksi. Hilo haliiui hoja ya fundi, kwa sababu mwenye leseni anaweza kunakili hata namba. Linaipunguzia nguvu tu. Kisha, kando ya ile namba, kidole changu kikapita juu ya mwinuko mwingine. Tarakimu zilizoyeyushwa pamoja na chuma chenyewe, mbili za mwisho zikisomeka wazi: 61. Ni tarehe, au ni namba nyingine ya kipuri?

Shahidi mmoja hatoshi, na mtu aliyekwisha choka chini ya trekta huona tarehe kila mahali. Nikatafuta wa pili asiyejuana na wa kwanza. Vifaa vya umeme vya Lucas, vilivyofungwa kwenye magari na matrekta mengi ya Uingereza, vilikuwa na mazoea mazuri: viligongwa mwezi na mwaka kwenye gamba. Dinamo ya trekta hili haipo tena, nafasi yake imechukuliwa na oltaneta ya pikapu. Stata ilikuwepo. Siku hizi haipokei tena amri ya ufunguo. Wanaiwasha kwa kuunganisha nguzo zake mbili na bisibisi, cheche zinaruka, injini inaitika. Tulipoifuta, Lucas ilisomeka, na pembeni yake mwezi uliofutika na mwaka usiofutika: 61. Inawezekana stata na difu vikakubaliana kwa bahati?

Inawezekana, ila uzito umehama. Fundi alithibitisha kwamba injini ikibadilishwa, stata nzima ya zamani hufungwa tena kwenye injini mpya, kwa kuwa stata ni ghali. Basi stata ingeweza kuwa ya tangu mwanzo. Kama ile 61 ya difu ni mwaka, chuma kilimiminwa 1961, na trekta halikuweza kutoka kiwandani kabla ya hapo. Ni mapema mno kwa 135. Ni mapema pia kwa 35X, yule mwenye nguvu zaidi aliyekuja mwishoni mwa 1962. Ni baada ya kuingia kwa Perkins ya silinda tatu, kwa hiyo hata ule moyo uliouzwa chakavu huenda ulikuwa wa silinda tatu vilevile. Nikaandika kwenye daftari: Massey Ferguson 35, takriban 1961. Lakini kama ni la 1961, mwaka ambao Tanganyika ilipata uhuru, lilifikaje mikononi mwa familia inayosema ililirithi kwa wakulima wa karanga?

Dereva mmoja mstaafu, anayeishi upande wa pili wa kijiji, alikuwa na toleo lake. Yeye anasema trekta lilikuwa la shamba la shirika la umma na liliuzwa kwa mnada. Alipinga habari za Waingereza kwa mkono, kama anafukuza nzi. Mwingine aliniambia lililetwa na wamisionari, ila alipoulizwa misheni ipi akataja mbili zilizo mbali na hapa, nikaliacha toleo hilo. Toleo la dereva lilikuwa na kitu cha kupima. Tulirudi kwenye madigadi, tukakwangua la kushoto kwa uangalifu zaidi. Chini ya ile bluu, kwenye nyekundu ya zamani, zikatokea herufi mbili zilizochorwa kwa stensili: SU. Tarakimu zilizofuata zimeliwa na kutu. SU ni alama ya mashirika ya umma, na ni kifupi cha Kiswahili ambacho utawala wa kikoloni usingekuwa na sababu ya kukitumia. Je, digadi ni la trekta hili, au nalo lililetwa na fundi wa Morogoro?

Matundu ya bolti yanalingana, kutu ya bolti imekomaa, na nyekundu ya chini inafanana na ile ya boneti. Zaidi ya hapo siwezi kuapa. Boneti yenyewe tumeambiwa ni ya kuletwa, na tusisahau kwamba rangi inayofanana na ya mgeni haisaidii kumtambua mwenyeji. Hata hivyo, dereva sasa alikuwa na ushahidi mkononi, na mzee alikuwa na maneno. Hapo ndipo watu wengi humgeukia mzee na kumwambia amesahau. Lakini kwa nini mtu mwenye kumbukumbu sahihi ya bloku iliyopasuka akosee juu ya baba yake?

Nilimsogezea kiti. Nikamwomba asinitajie mwaka wala Mwingereza, anionyeshe tu jinsi baba yake alivyokuwa akiwasha trekta. Akainuka. Mkono wake wa kulia ukashika kopo lisilokuwepo, ukamimina kidogo. "Petroli," akasema. "Kidogo tu, ilikuwa ya kufungulia mlango." Kisha akashika fimbo ya gia na kuisukuma. "Hapa ndipo panapowakia. Hakuna ufunguo wa kuzungusha, unasukuma gia kwenye S." Akangoja, akihesabu kimoyomoyo. "Ikishapata moto unazungusha koki, inaanza kunywa mafuta ya taa. Ukiwahi kuzungusha kabla haijapata moto, inakohoa na kuzima, na baba anakuchapa." Alikuwa anaelezea trekta gani?

Si hili. Hili ni la dizeli, na injini iliyomo haijawahi kunywa mafuta ya taa. Kuwasha kwa kusukuma fimbo ya gia hadi kwenye S ndio ulikuwa utambulisho wa Ferguson la kijivu: stata iliunganishwa na fimbo ili mtu asiweze kuwasha trekta likiwa kwenye gia. Kuanza kwa petroli na kuhamia mafuta mazito kulikuwa kwa matoleo mawili ya mwili wa kawaida. TED20, lililoanza 1949, lilitumia mafuta maalumu ya trekta yaliyokuwa jamii ya mafuta ya taa. TEH20 lilitengenezewa masoko ambako mafuta ya taa ya kawaida ndiyo yaliyopatikana. Mtu hawezi kubuni mlolongo huo kwa kusikia stori za karanga. Kwa hiyo palikuwa na matrekta mawili, na kumbukumbu ya kwanza imehamia kwenye chuma cha pili. La kwanza lilikwenda wapi, na je, hilo ndilo lililokuwa la karanga?

Kuhusu karanga nakwenda taratibu. TED20 la 1949 au 1950 lingeweza kulima Kongwa mpango ukiwa bado hai, kisha likauzwa. Lingeweza pia kununuliwa miaka mitano baadaye na mkulima asiye na uhusiano wowote na mpango. Yote mawili yanaingia kwenye maelezo ya mzee, ambaye mwenyewe alikuwa mtoto wa kuchapwa kwa kuwahi koki. Lisiloingia kabisa ni 1947, maana mwaka huo Ferguson la kunywa mafuta ya taa lilikuwa halijaanza kuundwa. Basi tarehe ya kwenye boneti haimwoni hata mmoja kati ya ndugu hawa wawili. Ilitoka wapi?

Hilo lilikuwa rahisi kuliko yote. Mpwa wa kijana ndiye aliyeichora, walipotaka kulipeleka trekta kwenye maonesho ya Nane Nane pale Nzuguni. Waliambiwa kila kitu cha maonesho kiwe na maelezo. Akafungua daftari lake la historia la shule, akaona mpango wa karanga, 1947, akachovya brashi. Trekta halikufika Nzuguni, pampu ya maji iligoma njiani. Mwaka ukabaki. Ni tarehe ngapi nyingine, kwenye makanisa, visima na mashine za nchi hii, zilizotoka kwenye daftari la shule?

Kijana alitaka jambo la kuandika, na nilimpa nilichonacho. Aina: Massey Ferguson 35. Mwaka: 1961, kwa ushahidi wa difu na stata. Injini: ya 1977, ielezwe kuwa ilibadilishwa, na namba yake iandikwe yote pamoja na ile D. Kwenye namba ya chasisi asibuni. Aeleze kwamba kibao hakipo, aombe likaguliwe. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Hakupinga 1961. Alichotaka kujua ni kama kitakachofutwa na kutengenezwa upya ni boneti tu, au na hadithi. Nilimwambia hadithi yake ina trekta lake, ila silo hili. "Basi nenda Mpwapwa," akasema.

Kumbe anajua lilikokwenda. Baba yake alilikokota Mpwapwa na kumuuzia mwenye kinu cha nafaka, ambaye alilifunga kwa mkanda likawa linasaga mahindi bila kutembea. Trekta lisilotembea halivunji vitu vingi, wala halina sababu ya kuchomelewa dashibodi. Kama kibao chake bado kipo, kitaanza na TE, na herufi ya tatu ndiyo ninayoifuata sasa: ni D, au ni H?